Ujira wa Leo na Bei za Kesho



Aghalabu mfanyakazi aombapo nyongeza, mwajiri humdhania tamaa. Kumbe wawili hao wanabishana juu ya jambo ambalo hakuna baina yao aliyeliona: bei za kesho.

Tuchukue mfano. Mnamo Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6. Maana yake, bidhaa zilizonunuliwa kwa shilingi 20,000 mwaka mmoja kabla, sasa zilihitaji shilingi 21,920. Muuzaji wa dukani aliyelipwa 20,000, akipewa 21,920, hajaongezwa kitu, amerudishiwa alichopoteza. Lakini akiamini kuwa mwaka ujao bei zitapanda tena kwa asilimia 10, atadai 24,000 na zaidi, kwani ujira hupatanwa leo, nao huliwa miezi kumi na miwili ijayo. Mwajiri anayetaraji bei zitulie atampa 22,000. Hapo hapana mwizi wala bakhili. Pana matarajio mawili.

Na matarajio hayo aghalabu hayatoki katika takwimu za serikali. Hutoka jikoni na njiani: unga, sukari, mafuta ya kupikia, nauli ya matatu. Ndiyo maana mfumuko uliposhuka hadi asilimia 3.6 mnamo Septemba 2024, wengi hawakuhisi nafuu. Walikuwa na haki: kushuka kwa mfumuko si kushuka kwa bei, bali ni bei kupanda polepole zaidi.

Hofu nayo ina madhara yake. Wafanyakazi wakidai kwa kuihofia kesho, na wenye maduka wakapandisha bei kwa kuyahofia madai hayo, ughali ulioogopwa huja kwa mikono yetu. Waumiao zaidi ni wasio na sauti: mjane, mzee wa pensheni, na mtumishi wa nyumbani asiyethubutu kunena.

Basi enyi mlio na wasaidizi majumbani, msingoje waombe. Patanani ujira, uandikwe, wala usipungue kima cha chini cha sheria, ambacho kinamhusu mtumishi wa nyumbani pia. Kisha muafikiane siku ya kuutazama upya, mathalan baada ya miezi sita, kwa kulinganisha bei za vitu vile vile. Ajuaye kwamba atasikizwa baada ya miezi sita hana haja ya kudai leo kwa hofu ya mwaka mzima.