Hesabu ya Shashi ni Sehemu ya Tiba

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chumba cha upasuaji mali hiyo ni shashi, ambayo wengi wetu huiita gozi, na inapopotea hupotelea ndani ya mwili wa mgonjwa.

Shashi hufumwa kwa pamba, na mwili hauwezi kuiyeyusha. Ikisahaulika tumboni, mwili huishambulia kwa njia mbili. Pengine vijidudu hushiriki, usaha hukusanyika na homa hupanda mapema. Pengine vijidudu havipo: chembe za kinga huizingira na kuungana kuwa chembe kubwa, kisha tishu ngumu ya kovu huifunika. Uvimbe huo waweza kukaa kimya kwa miaka, hata ukadhaniwa kuwa saratani.

Kumlaumu mtu mmoja hakutoshi. Utafiti wa Atul Gawande na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, ulionyesha kuwa hatari huongezeka takriban mara 9 katika upasuaji wa dharura, na mara 4 mpango wa upasuaji unapobadilika ghafla. Tena, katika visa vingi ambamo hesabu ilifanyika, iliandikwa kuwa imetimia.

Kwa hiyo kalamu peke yake haimlindi mgonjwa. Watu wawili wahesabu pamoja, kwa sauti, kabla ya upasuaji, kabla ya kufunga tumbo, na mwishoni. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inadai hesabu ithibitishwe kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Muuguzi akisema haijatimia, mpasuaji asimame, hata awe bingwa. Shashi iwe na uzi unaoonekana kwa eksirei, na shaka ikibaki, picha ipigwe.

Nawe mgonjwa, ukiwa na maumivu yasiyoisha, uvimbe, au kidonda kinachotoa usaha kila mara, mweleze mhudumu kwamba uliwahi kupasuliwa, hata kama miaka imepita. Nasi tusiharakishe kukwambia kwamba ni maumivu ya kawaida ya mshono.

Na shashi ikikutwa, mgonjwa aambiwe ukweli, aombwe radhi na atibiwe. Kuficha ni kumwachia kitu kigeni cha pili, nacho hakionekani kwa eksirei.