Mtaalamu mbele ya hakimu: dosie ya asile inasimama juu ya nini?

Familia nyingi za kambi, kuanzia Kipushi mpaka Kolwezi, ziko na ndugu yenye anangoja jibu la asile kule Bulaya. Akipiga simu anaomba karatasi: barua ya shefu wa kartie, mwito wa polisi, kitu chochote chenye kachete. Na sisi tunakimbia, tunatoa feza. Lakini Bruxelles na Paris wanajua tangu zamani kama karatasi za kwetu zinauzwa. Hata ile ya kweli inafika pale ikiwa tayari inashukiwa. Ndiyo maana mawakili, zaidi wale wa Uingereza, wanatafuta kitu kingine: mtaalamu.

Mtaalamu si shahidi. Hakuwa pale siku ulikamatwa. Kazi yake ni kueleza hakimu kama mambo yenye unasema yanaweza kutokea fasi ile, wakati ule. Hakimu hajafika Likasi hata siku moja. Umwambie kama mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala stesheni majuma na majuma wakingoja treni, wengine wakafia palepale. Ataona ni hadisi tu. Mtafiti yenye alichunguza mambo yale ndiye anaweza kumwonyesha ginsi ilianza na nani alisukuma wengine, na kumweleza juu ya nini mtu yenye alifukuzwa akiwa mtoto anaogopa mpaka leo maneno yenye mwingine anaona ni mchezo.

Ila serikali nazo ziko na wataalamu wao. Ubelgiji, ofisi ya wakimbizi iko na idara yake ya kutafuta habari, Cedoca. Kuko pia makampuni ya kupima lugha, kama Sprakab ya Sweden: wanasikiliza sauti yako kisha wanasema unatoka inchi gani. Mwaka 2004 kikundi cha wataalamu wa lugha kiliwakumbusha kama lugha inaonyesha fasi mtu alikomalia, haionyeshi uraia wake. Mwaka 2014 tribunali kubwa kupita zote ya Uingereza, katika kesi za watu wenye walisema wanatoka Somalia, ilikubali rapori za namna hiyo zitumike, lakini ikasema mpima lugha asitoke katika kazi yake na kuanza kuhukumu kama mtu anajua inchi yake ao hapana.

Neno hili linatugusa sisi. Mtoto alizaliwa kambi ya Gécamines, baba Muluba wa Kasai, mama Mubemba. Nyumbani wanasema Kiswahili, masomoni Kifaransa. Tshiluba anasikia kidogo tu. Mbele ya mtu yenye hajui Katanga, huyu ni mwongo: Muluba gani hasemi Tshiluba? Na Kiswahili chake, chenye kuwa na "paka" na "bintu" na Kifaransa katikati, mtu wa Dar es Salaam atakisikia kama kimevunjika. Mtu yenye anajua Lubumbashi anatambua mara moja kama ndiyo Kiswahili cha kwetu. Kwa hiyo avoka aulize mapema: yule anapima ni nani, alijifunza Kiswahili cha wapi?

Rapori nayo inazeeka. Ile yenye iliandikwa wakati wa Kabila juu ya hatari ya watu wa UDPS haina nguvu tena: mwaka 2023 tribunali ya rufani ya wahamiaji kule London ilisema kubadilika kwa rais kisha uchaguzi wa 2018 kuligeuza hali yao. Bado kuko watu wanauziana rapori za zamani.

Kunabaki makovu. Kuko kitabu cha maagizo cha Umoja wa Mataifa, Protokoli ya Istanbul, cha tangu 1999, chenye waganga wanafuata: kila kovu wanalipima kama linapatana na maelezo kidogo, sana, ao kama haliwezi kutoka na kitu kingine. Mwaka 2019, katika kesi ya mtu wa Sri Lanka mwenye makovu ya moto mgongoni, ile tribunali kubwa ya Uingereza ilisema muganga anaweza kusema pia kama hali yote yenye mtu anaeleza inapatana na kovu, si ginsi ngozi iliungua tu.

Sasa, mwili wa mchimbaji uko na alama nyingi: jiwe lenye liliangukia bega, asidi ya usine mikononi, kamba ya shimo. Mtu anaogopa kuonekana mwongo, basi anasema yote ni ya polisi, ao ananyamaza juu ya yale ya kazi. Muganga anayakuta mwenyewe, anayaandika. Hapo hata kovu la kweli la fimbo linapoteza nguvu. Aseme tangu siku ya kwanza: hili ni la mgodi, hili ni la mgodi, hili hapa ni lao.