Mbuna Ndani ya Tangi la Kioo

Vijana wetu wengi watamani kufuga nyumbani mbuna, wale samaki wadogo wa buluu na manjano watokao katika miamba ya Ziwa Nyasa. Hatuwakatazi. Lakini twaona wengi hununua tangi na samaki siku moja, na baada ya majuma mawili samaki huelea wamekufa. Mwenye kukifungia kiumbe amechukua dhima yake. Kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka mwakijua nyote.

Kiwauacho si njaa. Uchafu wao hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria waigeuzao kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati yenye madhara machache. Na bakteria hao huhitaji kiasi cha majuma 4 hadi 6 kuzaana ndani ya chujio. Basi tangi na liendeshwe kwanza bila samaki, likitiwa chembe za chakula zioze, hata vipimo vya amonia na nitriti vionyeshe sifuri. Hapo ndipo mwende dukani.

Tangi lisipungue lita 200, lenye mapango mengi ya mawe, kwani madume ni wakali mno. Joto liwe digrii 24 hadi 26, na pH baina ya 7.8 na 8.6. Robo ya maji ibadilishwe kila juma, na ya bomba yaondolewe klorini. Chakula kiwe cha majani zaidi, maana ziwani hukwangua mwani wa miamba.

Mkimwona jike amevimba kidevu wala hali, msidhani ni mgonjwa: amebeba mayai kinywani, naye huweza kukaa hivyo kiasi cha majuma 3.