Pampu ya Maziwa ya Mama Haitoshi Peke Yake

Katika miaka ya karibuni kimeenea katika maduka ya miji yetu kifaa kidogo cha mpira mweupe upitishao nuru, chenye umbo la chupa ambayo mdomo wake umepanuliwa kama faneli. Hakina mota, hakina betri, wala hakina waya. Hiki ndicho kiitwacho pampu ya silikoni ya kukamulia maziwa ya mama. Wako wanaokisifu kwa kusema kwamba humwezesha mama yeyote kurudi kazini bila ya mtoto wake kukosa maziwa. Wako pia wanaokibeza kwa kudai kwamba ni anasa ya kigeni isiyo na faida kwa mwanamke mwenye mikono miwili. Rai yangu ni kwamba pande zote mbili zimetoa hukumu kabla ya kuuliza jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Tukiuliza swali hilo kwa utaratibu wa kisayansi, tutaona kwamba kifaa chenyewe ni kizuri, lakini hakiwezi kulipa deni ambalo mama anyonyeshaye anatudai sisi sote, yaani muda, mahali na maarifa.

Tuanze na fizikia, kwani kanuni yake imo katika masomo ya sekondari. Mama hukibonyeza kifaa ili sehemu ya hewa iliyomo itoke, kisha huweka mdomo wake juu ya titi, chuchu ikiwa katikati, ndipo hukiachia. Mpira, kwa sababu ya unyumbufu wake, hutaka kurudia umbo lake la kwanza. Nafasi ya ndani hupanuka, ilhali hewa iliyosalia ni ile ile. Kwa mujibu wa kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662, gesi inayopewa nafasi kubwa zaidi bila ya joto lake kubadilika hupungukiwa na kanieneo, yaani msukumo wake juu ya kila eneo. Hewa ya nje, usawa wa bahari, ina kanieneo ya milimita 760 za zebaki. Iliyomo ndani ya kifaa ina kanieneo ndogo kuliko hiyo. Tofauti hiyo ndiyo inayokigandamiza kifaa kwenye ngozi, na ndiyo inayoyaelekeza maziwa nje ya titi. Kwa hiyo tusemapo kwamba pampu "huvuta" maziwa, tunatumia lugha ya mazoea tu. Kwa hakika maziwa husukumwa kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo, kama soda ipandavyo katika mrija.

Kemia nayo ina fungu lake. Pampu za maziwa si jambo jipya: huko Marekani Orwell Needham alipewa hati ya uvumbuzi wa pampu ya aina hiyo mwaka 1854. Baadaye zilitumika sana pampu za kioo zilizofungwa tufe la mpira, na tufe hilo lilikuwa gumu kusafishwa ndani. Mpira wa silikoni umeondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo. Uti wa mgongo wa molekuli yake ni atomi za silikoni na oksijeni zinazopokezana, elementi zile zile mbili zinazofanya mchanga wa kawaida. Na ubavuni huning'inia vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni. Frederic Kipping wa Nottingham, Uingereza, ndiye aliyezichunguza kwa bidii kampaundi za jamii hii mwanzoni mwa karne ya 20. Muundo huo huufanya mpira uwe laini, nao hustahimili maji yanayochemka bila kuharibika. Maadamu kifaa kizima ni kipande kimoja, mama aweza kukiosha kwa sabuni na kukichemsha katika sufuria ya nyumbani.

Hata hivyo, titi si chupa ambayo hutosha kuifungua na kuimimina. Maziwa hutengenezwa na seli zilizomo katika vifuko vidogo mno, zikiongozwa na homoni ya prolaktini. Kutoka kwake huongozwa na homoni nyingine, oksitosini. Mtoto anyonyapo, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ya pituitari humwaga oksitosini katika damu. Vifuko hukazwa, maziwa yakashuka. Kwa kuwa damu hufika pande zote mbili, maziwa hushuka katika matiti yote mawili ingawa mtoto ananyonya moja tu. Hapo ndipo pampu ya silikoni ipatapo nafasi yake iliyo bora: ikiwekwa upande wa pili wakati mtoto ananyonya, hukusanya maziwa ambayo vinginevyo yangelowesha nguo.

Wafugaji wetu wameijua kanuni hii kwa vitendo tangu zamani. Ng'ombe wa kienyeji aghalabu hakubali kushusha maziwa mpaka ndama wake atangulizwe, na ng'ombe aliyeshtushwa huyazuia. Mwanafunzi wa kilimo hufundishwa kumtuliza ng'ombe na kumwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumkamua. Homoni inayofanya kazi hapo ni oksitosini ile ile. Ni ajabu kwamba kijana aweza kumaliza sekondari akijua namna ya kumtuliza ng'ombe, asijue kwamba dada yake naye ahitaji utulivu ili maziwa yashuke.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto anyonyapo hafanyi ombwe la namna moja. Hukaza na kulegeza, takriban mara moja kila sekunde, na tofauti ya kanieneo anayoifanya hupanda kwa kawaida hadi kati ya milimita 100 na 200 za zebaki, kisha ikashuka. Pampu za umeme huiga mapigo hayo. Pampu ya silikoni haiwezi: ombwe lake ni moja, nalo hupungua polepole kadiri maziwa yanavyoingia. Hukusanya vema maziwa yaliyokwisha kushuka, lakini ni dhaifu katika kuyaita yashuke. Basi kifaa hiki hufanya kazi vizuri zaidi mtoto anapokuwapo, ilhali matangazo humlenga mama ambaye mtoto wake yuko mbali. Mama huyo hana budi kuyaita maziwa kwa njia nyingine: kulikanda titi taratibu, kukamua kwa mkono, na kutulia. Mkono, ukifundishwa na mkunga au muuguzi ajuaye, hutosha hata bila ya kifaa chochote; kwa hiyo asiye na fedha za kukinunua asidhani kwamba amekosa jambo la lazima.

Kanuni ya pili ni kwamba titi huzalisha kwa kadiri linavyotolewa maziwa. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Hannah Research Institute huko Scotland waliwakamua mbuzi upande mmoja wa kiwele mara nyingi zaidi kuliko upande wa pili. Upande uliokamuliwa zaidi uliongeza maziwa, na ule wa pili haukuongeza, ingawa pande zote zilipata damu moja na homoni zile zile. Maana yake ni kwamba maziwa yanayobaki hupunguza uzalishaji pale pale yalipo. Mama anayekaa kutwa nzima kazini bila kukamua hulipa titi habari kwamba maziwa hayahitajiki, na baada ya wiki chache huambiwa, "maziwa yako ni machache." Kwa upande mwingine, mama anayekamua kila mara pasipo haja hulizidishia titi kazi, huja kujaa, kuuma, na pengine kuvimba kwa ugonjwa. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hutumia wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku. Hahitaji jokofu lililojaa chupa, na picha za akiba kubwa ya maziwa katika matangazo si kipimo cha mama bora. Wanafunzi wajue pia kwamba Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inahusu vibadala hivyo, chupa na chuchu za bandia, haikuzitaja pampu. Mnunuzi basi ajilinde kwa maarifa yake mwenyewe.

Sasa tugeukie muda. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua mtoto mmoja aliyetimiza miezi yake likizo ya siku 84, na siku hizo zaweza kuanza wiki 4 kabla ya kujifungua. Miezi 6 ni siku 180 na ushei. Hesabu ni nyepesi: zaidi ya nusu ya muda unaoshauriwa humkuta mama akiwa kazini. Sheria hiyo hiyo huruhusu muda usiozidi saa mbili kila siku ya kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Ni ruhusa njema. Lakini kwa mwalimu ambaye nyumba yake iko mbali na shule, muda huo huweza kumalizikia barabarani akingojea basi. Kama angeutumia kukamua pale pale shuleni, angefanyia wapi? Mara nyingi jibu ni chooni au katika stoo ya vitabu. Hakuna miongoni mwetu ambaye angekubali chakula chake kitayarishwe chooni.

Kwa mwanafunzi hali ni ngumu zaidi. Tangu Novemba 2021, Serikali ya Tanzania imewaruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni. Uamuzi huo umefungua mlango, lakini sheria ya kazi haimhusu mwanafunzi: hana likizo ya uzazi wala saa za kunyonyesha. Akiwa darasani kuanzia asubuhi mpaka alasiri, maziwa hujaa, huvuja na kumwaibisha. Akivumilia siku nyingi, hukauka. Tumemrudisha mama darasani, na mtoto wake amelipa karo kwa maziwa yake.

Wapo watakaosema kwamba shule ina upungufu wa madawati na maabara, sembuse chumba cha kukamulia maziwa. Hoja hiyo ni ya haki, lakini hebu tupime kinachohitajika: chumba kidogo chenye mlango unaofungika, kiti, maji safi na sabuni, na ruhusa ya dakika 20 au 30 isiyoambatana na maswali wala kejeli. Huko Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Nasi twaweza kuanza kwa hiari kabla ya kulazimishwa na sheria.

Maarifa ya kuhifadhi yaende pamoja na chumba hicho. Mama anawe mikono, na chombo kioshwe na kuchemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama muda wa saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Lakini vyumba vingi vya Dar es Salaam au Tanga hupita nyuzi 30 mchana, na hapo muda huo hufupika; yafaa chombo kiwekwe katika sanduku lenye barafu, au maziwa yatumike mapema. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi, kwa kuwa kikombe ni rahisi kuoshwa kuliko chupa na chuchu yake.

Yapo pia malalamiko kwamba mambo haya ni ya aibu, hayafai kutajwa mbele ya vijana. Nasema aibu iliyo kubwa zaidi ni kijana wa kidato cha nne kueleza kanuni ya Boyle kwa ufasaha, kisha akamcheka mwenzake ambaye blauzi yake imelowa. Mwalimu wa fizikia ana njia nyepesi ya kuanzia. Achukue bomba la sindano lisilo na sindano, azibe tundu lake kwa kidole, na avute kijiti chake: kidole kitabanwa, na wanafunzi waulizwe ni nani aliyekibana. Mwalimu wa biolojia aendelee na habari za oksitosini, na mwalimu wa kilimo alete mfano wa ndama. Kisha mkuu wa shule aulizwe na wanafunzi wenyewe, kwa adabu, ni chumba gani shuleni pao kinachoweza kupatiwa kitasa. Pampu ya silikoni itawasaidia baadhi ya mama, na mkono utawasaidia wengi zaidi. Lakini wote watahitaji mlango huo ufungwe, na nusu saa ya amani nyuma yake.