Msimbazi: Bonde Lina Wenyewe

Mhariri,

Kila masika, habari ya Dar es Salaam ni ileile: Jangwani pamejaa maji, Barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi hayapiti. Maji yakipungua, bonde la Mto Msimbazi, lenye Jangwani hiyo, linarudi kuitwa pori. Mahali pakishaitwa pori hakuna anayeuliza kuna nini ndani yake. Watu huuliza tu patajengwa lini.

Wapo wanaojua kuna nini. Ni vijana wa Magomeni na Kigogo, wanafunzi wanaosomea kuongoza watalii, na wastaafu wachache wa Upanga ambao hufika asubuhi na mapema karibu na Daraja la Selander, mto unapoingia baharini, maji yanapokupwa. Darubini moja huzunguka mikononi mwa watu watano. Wengi wao hawajawahi kumudu safari ya Mikumi, sembuse Serengeti, lakini kwa nauli ya daladala wanawaona ndege waliovuka mabara mawili kufika hapo.

Mtazamaji akitulia humwona sululu akitembea taratibu kati ya mizizi ya mkoko aina ya mchu iliyochomoza topeni. Mdomo wake ni mrefu, umepinda kuelekea chini. Huuingiza wote kwenye shimo la kaa, akamvuta kaa nje, akamtikisa mpaka miguu ikang'oka, akamsuuza kwenye kidimbwi na kummeza. Kando yake vitwitwi hukimbia hatua chache, wakasimama ghafla, wakadonoa, wakakimbia tena. Huko juu zaidi, kwenye matete, mnana hufuma viota, na mdiria hukaa juu ya nguzo iliyoachwa na mafuriko akivizia samaki. Haya yote yako karibu na katikati ya jiji, na hayana kiingilio.

Sululu huyo hakuzaliwa Tanzania. Yeye na wenzake wengi hutaga kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi cha huko, wengine Siberia, kisha hushuka na kukaa kwetu kuanzia Septemba hivi hadi Aprili. Baadhi ya vitwitwi hutoka kwenye nyika kame za Asia ya Kati. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, mla kaa hodari, anayetaga ndani ya mashimo ya mchanga katika pwani za Oman na Ghuba na kuja kupitisha msimu kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Wajibu huo unaihusu Dar es Salaam kama unavyolihusu Ziwa Natron.

Liko jambo ambalo wapangaji wa miji hulisahau. Maji yakipwa, ndege hula kwenye tope. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, tope lote hufunikwa na ndege huhitaji mahali pa wazi na pakavu pa kusimama kwa saa kadhaa wakipumzika. Mahali hapo huwa ni vile viwanja vitupu vya pembeni, vyenye nyasi fupi na chumvi, ambavyo macho ya binadamu huviona havina kazi. Ukivijaza kifusi umewafukuza ndege hata kama hujagusa mkoko mmoja.

Na kifusi kinamwagwa. Malori huja usiku, yakashusha zege lililovunjwa, vigae na udongo, na baada ya muda ukingo wa mto umesogea na mtu amejipatia kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe. Wakazi wanaijua. Wanaopokea kifusi nao wanaijua.

Hakuna mwenye akili timamu anayetaka bonde libaki lilivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi: mto kupanuliwa, daraja jipya Jangwani, bustani kubwa ya mji, na sehemu za pembeni kuinuliwa kwa ajili ya majengo. Mradi huo unahitajika, na bustani ni habari njema. Malalamiko ni kwamba neno bustani linaweza kumaanisha matete yaliyoachwa yapumue, au ukoka uliofyekwa, vijia vya zege na vibanda vya chipsi.

Bustani ya aina ya pili ina ndege wake, nao wanafahamika: kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wapunguze taka. Kunguru hao hushiba majalalani, kisha hula mayai na makinda ya ndege wengine. Jijini wamewahi kuuawa kwa sumu. Kuondoa matete na kuongeza mabaki ya chakula ni kuwatengenezea makao mapya.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kabla ya udongo kuinuliwa, ndege wahesabiwe msimu mzima, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za serikali za mitaa. Viwanja vya kupumzikia ndege vichorwe kwenye ramani na visiguswe. Pia walinzi waelekezwe: kijana mwenye darubini asiulizwe, “We bwana mdogo, unapeleleza nini hapa?” na kufukuzwa kama mwizi, kama inavyotokea sasa.

Ndege wa kaskazini huanza kufika Septemba. Hesabu inaweza kuanza mwezi huohuo, na watu wa kuifanya wapo tayari: walewale wanaopokezana darubini moja pale Selander.

Msomaji wenu,
Magomeni, Dar es Salaam