Ajali Ina Kinga: Neno kwa Vijana Wanaotafuta Leseni ya Udereva



Tunapotoka makaburini kumsindikiza mtu aliyegongwa na gari au pikipiki, maneno mawili husikika karibu kila mara. Mmoja husema, «Ajali haina kinga.» Mwingine huongeza, «Ni mapenzi ya Mungu.» Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, ili kuwatuliza wafiwa, na wakati wa kilio si wakati wa kubishana. Lakini matanga yakiisha, yafaa tuulize: dereva yule alijifunzia wapi? Leseni yake aliipata baada ya mtihani gani? Mara nyingi jibu lajulikana mtaani, nalo ni fupi: aliinunua. Kama ndivyo, kumtwika Mungu kifo kile ni kumsingizia.

Sheria ya nchi yetu kuhusu barabara, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, haimruhusu mtu aendeshe gari bila leseni, ile tunayoiita permi. Leseni ni ushuhuda: yatangaza mbele ya watu wote kwamba mwenye kuichukua amefundishwa, amepimwa na ameonekana anafaa. Mama anayemtuma mtoto wake shuleni ng'ambo ya barabara hawajui madereva watakaopita; anautegemea ushuhuda huo. Kwa hiyo anayenunua leseni bila mtihani ametoa ushuhuda wa uongo, na atakayelipa gharama yake si yeye, bali ni yule mtoto.

Wala si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 ajali hizo ndizo zinazoua kuliko sababu nyingine yoyote. Huo ndio umri wa watoto wetu wa katekesi, wa wanakwaya wetu, na wenu ninyi wenyewe.

Wengine hudhani kwamba kujua kuendesha ni kuweza kuliondoa gari na kulisimamisha. Hebu tutazame machache. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anapoona hatari na mguu wake ukachelewa sekunde moja tu kufika kwenye breki, mita hizo zimekwisha kupotea. Tena, ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauzidi mara mbili, bali mara nne. Kwenye njia panda isiyo na alama wala polisi, anayetoka upande wako wa kulia ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Katika mteremko mrefu kama ule wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, dereva aliyefundishwa hutia gia ya chini ili injini ilizuie gari. Asiyefundishwa hukanyaga breki mfululizo hadi zinapata moto na kukataa kushika. Mambo haya hayaji kwa ujasiri wala kwa sala pekee. Hufundishwa, na mtu huyarudia mpaka yamwingie.

Sisi tunaoishi upande huu wa nchi tuna sababu nyingine ya kujifunza vema. Twaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yanayofika Goma, Bukavu na Lubumbashi yana usukani upande huo huo wa kulia. Dereva wake huketi karibu na ukingo wa barabara. Akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele mpaka gari lake limekwisha kutoka nusu. Na yule avukaye Kasumbalesa kuingia Zambia, au Kasindi kuingia Uganda, hana budi kuhamia upande wa kushoto.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema: «Hata nikijifunza usiku na mchana, bado nitaombwa pesa. Basi kujifunza kuna faida gani?» Malalamiko hayo yana ukweli, wala sitaki kuyadharau. Lakini tupambanue. Anayejua kazi na kuombwa rushwa, anaonewa. Asiyejua kazi na kutoa rushwa ili aupite mtihani, huyo ndiye anayeonea wengine. Wa kwanza anaweza kudai apimwe, akadai risiti, akafuatana na wenzake ili asisimame peke yake. Wa pili hawezi kudai lolote, kwa sababu mtihani ndio hasa anaouogopa.

Mtasema pia: «Shule ya udereva ni ya wenye mali.» Ni kweli kwamba saa za kuendesha zina gharama. Lakini kitabu kimoja cha sheria za barabara chaweza kusomwa na vijana kumi. Mnapokaribia Egzetat hukutana jioni, mkaulizana maswali, anayejua akamsaidia asiyejua. Kwa nini msifanye vivyo hivyo kwa mtihani wa udereva? Ombeni chumba cha parokia mara moja kwa juma. Chagueni alama tano, kisha mwulizane maana yake. Mwombeni dereva mzee wa jumuiya yenu, aliyeendesha malori miaka mingi, awaeleze breki, matairi, mvua na usingizi. Na kwa saa za kuendesha, changianeni kwa zamu, kama mama zetu wafanyavyo katika likelemba. Wenye pikipiki pia waje, maana nao hubeba roho za watu, na kofia ya kinga ni ya dereva na abiria pia.

Mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo kuhusu uchungaji wa barabarani, ndani yake mkiwa na amri kumi kwa madereva. Ya kwanza yao ni ile tuliyoijifunza katika katekisimu kama amri ya tano, inayokataza kuua. Haikuwekwa mwanzoni kwa bahati. Kanisa lataka tuelewe kwamba usukani ni mahali pa dhamiri, sawasawa na meza ya hakimu au kitanda cha mgonjwa.

Kijana anayetafuta kazi ya udereva anatafuta jambo la heshima. Watu watapanda nyuma yake wakiwa na mizigo yao, watoto wao na usingizi wao, bila kumwuliza swali lolote. Basi ajiulize yeye kabla yao: je, ningepimwa leo na mtu asiyepokea chochote, ningeshinda? Kama jibu ni hapana, asione haya. Arudi kwenye kitabu, aombe msaada, angoje miezi mitatu tena. Kungoja huko ndiko kinga tuliyoambiwa kwamba ajali haina.