Bei ya Kura Kibera

Katika kijiji cha Raila, Kibera, kilichopewa jina la aliyekuwa Mbunge wa Lang'ata tangu 1992 hadi 2013, msimu wa kampeni huja na unga, fulana na noti. Mimi simlaumu mama anayepokea, kwani watoto wake hawali sera. Namlaumu anayetoa, na zaidi yake wale waliokataa kuwekewa mipaka.

Walimu wenzangu watakumbuka jinsi YK'92 walivyomimina fedha mwaka 1992, hata noti ya shilingi 500 ikabatizwa "Jirongo", jina la mwenyekiti wao. Mwaka uliofuata tuliilipia sote dukani, bei zilipopaa.

Sheria ya ufadhili wa kampeni ilipitishwa 2013. Mwaka 2016 Bunge likaisimamisha hadi uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 Tume ya Uchaguzi ikatangaza viwango, cha mgombea urais kikiwa shilingi bilioni 4.4 (nacho, nionavyo, kilikuwa kipana mno). Oktoba wabunge wakazifuta kanuni hizo. Mshtakiwa alikalia kiti cha hakimu! Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo.

Nanyi wanafunzi jiulizeni: aliyetumia mamilioni kupata kiti atayarudisha kwa mshahara gani? Na kijana wa Kibera mwenye akili lakini asiye na mfadhili, atasimama wapi?

Nadai majina ya wafadhili yatangazwe hadharani, na kikomo kiwekwe mapema, kabla fulana hazijachapishwa.